Jini na Masharti Yake: Alfu Lela Ulela Kwenye Kadi za Mwaka 1993

Yupo jini anayeuzwa sokoni. Jina lake ni Juzám Djinn, makazi yake ni kipande cha karatasi ngumu kinachoenea kiganjani, na nakala iliyotunzwa vizuri hununuliwa kwa zaidi ya dola 1,000 za Kimarekani. Alichapishwa Desemba 1993. Mwaka 1996 kampuni iliyomtoa iliweka orodha ya kadi ambazo haitazichapisha tena, na yeye akawemo. Basi waliopo ndio hao hao, na kila anayelowa, kuungua au kupotea anawapandishia thamani waliobaki.

Mimi si mfanyabiashara wa kadi, na bei ya soko siyo iliyonileta hapa. Juzám ana bei nyingine, iliyoandikwa kwenye kadi yenyewe, chini ya picha yake. Kila zamu yako inapoanza, jini huyu anakuumiza wewe uliyemwita. Adui yako hamgusi. Ni wewe. Nilipousoma mstari ule mara ya kwanza nilicheka, maana mtu yeyote aliyekulia karibu na wasimuliaji wa pwani yetu angeutambua papo hapo. Hilo ni sharti. Jini hafugwi bure.

Makala hii ni historia fupi ya jinsi majini wa Alfu Lela Ulela walivyoingia kwenye kadi za Kimarekani, na hoja yangu ni moja. Kilichowafanya waendelee kuwa majini hata huko ugenini hakikuwa majina yao wala michoro yao. Kilikuwa masharti yao. Na miaka mitatu baadaye, mchezo ule ule ulipoazima maneno ya Kiswahili yenyewe lakini ukaacha masharti nyumbani, tulichopata kwa sehemu kubwa ni sauti tu.

Mchezo wenyewe

Kwa asiyeujua: Magic: The Gathering ulitoka Agosti 1993. Aliyeubuni ni Richard Garfield, Mmarekani mwenye shahada ya uzamivu ya hisabati, na aliyeuchapisha ni Wizards of the Coast, kampuni iliyokuwa changa bado, ya jimbo la Washington. Wachezaji wawili wanajifanya wachawi. Kila mmoja anaanza na pointi 20 za uhai, na anayefikishwa sifuri ameshindwa. Kuna kadi za ardhi (kisiwa, msitu, mlima, kinamasi na uwanda) ambazo ndizo chemchemi ya nguvu. Nguvu hiyo unaitumia kulipia kadi nyingine, na maarufu kati ya hizo ni za viumbe. Kila kiumbe ana namba mbili kwenye kona ya chini: ya kwanza inasema anapiga kwa kiasi gani, ya pili anastahimili kiasi gani. Juzám ni 5/5. Akipiga mara nne bila kuzuiwa, mpinzani kwisha habari yake.

Kadi za kukusanya zilikuwepo zamani sana: picha za wachezaji wa besiboli, picha ndani ya paketi za sigara. Kipya cha Garfield ni kwamba kile unachokusanya ndicho unachochezea, na pakiti huijui ina nini mpaka uifungue. Kwa hiyo watu walinunua, wakabadilishana, wakagombana, wakanunua tena.

Sasa kiumbe wa hadithi akiingia kwenye mfumo huo anapata vitu vitatu ambavyo kwenye simulizi hana. Anapata sura moja, ya mchoraji mmoja. Anapata namba. Na anapata kanuni, yaani mistari miwili mitatu inayosema anafanya nini. Sura na namba ni kazi rahisi. Ugumu uko kwenye kanuni, kwa sababu hapo mtunzi analazimika kuamua hadithi nzima inahusu nini, halafu aibanе ienee kwenye nafasi ya vidole viwili.

Jini kabla ya hadithi

Kwenye seti ya kwanza kabisa, ile ya Agosti 1993, jini yumo. Anaitwa Mahamoti Djinn, anaruka, ni 5/6. Basi. Ni ghali kumwita, lakini ukishamwita ni wako. Hadai, hanung'uniki, hana neno. Ukimwondoa jina ukamwita joka, hakuna kitakachoharibika.

Jini wa namna hiyo alikuwa ametoka mbali. Dungeons & Dragons, mchezo wa 1974 ulioanzisha utamaduni wote huu wa mazimwi mezani, ulikuwa tayari na jini na afriti katika orodha yake ya viumbe, mmoja wa hewa na mwingine wa moto, kama vile unavyotenganisha changu na kolekole. Watunzi wa michezo ile waliokota viumbe popote walipowakuta, Ugiriki, Norwe, Baghdad, wakawapanga kwa ukubwa na ukali.

Haki itendeke: seti hiyo ya kwanza haikuwa mgeni kabisa wa masharti. Mna pepo mmoja wa shimoni, 7/7, ambaye usipomlisha kiumbe wako mwingine kila zamu anakupiga wewe pointi saba. Lakini yule ni shetani wa Ulaya, wa visa vya watu waliouza roho zao. Jini wa Mashariki alikuwa bado misuli tu.

Kisha Garfield akasoma. Mwaka 1993 lilitoka toleo la 50 la Sandman, hadithi za picha za Neil Gaiman. Kisa chake kinatokea katika Baghdad ya Harun al-Rashid, na mchoraji wake ni P. Craig Russell. Garfield mwenyewe ameeleza kwamba toleo hilo ndilo lililomsukuma aiendee Alfu Lela Ulela na kuitungia seti. Ikatoka Desemba, miezi minne tu baada ya mchezo kuanza. Kadi 78.

Wanane na bei zao

Ndani ya seti hiyo mna majini wanne na afriti wanne. Nimewapitia mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja wa bure.

Juzám mmeshamjua. Fanya hesabu kidogo. Anahitaji kupiga mara nne amalize pointi 20 za adui, na kwa muda huo wewe umepoteza nne. Biashara nzuri. Ila adui akifanikiwa kumzuia, akaweka ukuta mbele yake, mambo yanageuka: sasa umekaa nyumbani na jini asiye na kazi, na kila kukicha anakula kwako.

Serendib Efreet, afriti wa Serendib (ndilo jina la kale la Kiarabu la Sri Lanka), anaruka, naye anakula pointi moja vile vile. Serendib Djinn anataka ardhi. Kila zamu lazima umtolee ardhi moja, na ukimpa kisiwa anakuchapa pointi tatu juu yake. Ardhi zikiisha, naye haonekani tena. Junún Efreet anataka malipo kila zamu. Siku huna, humpati. Erhnam Djinn hakuumizi moja kwa moja, ila kila zamu anampa kiumbe wa adui yako njia ya kupenya msituni bila kuzuilika. Umepata mlinzi hodari, lakini ameacha mlango wa uani wazi. Mijae Djinn unamtuma vitani halafu unarusha shilingi, ikikukataa, haendi. Ydwen Efreet ni hivyo hivyo, ila yeye shilingi yake ni ya wakati wa kulinda. Wa mwisho, Ifh-Bíff Efreet, ana uwezo wa kuwapiga viumbe wote warukao na wachezaji wote kwa pamoja, na uwezo huo mtu yeyote mezani anaweza kuulipia. Umemwita wewe, anamtumikia yeyote mwenye cha kutoa.

Wanane, kila mmoja na sharti lake, na masharti yenyewe hayafanani. Mtunzi aliacha kuuliza jini ana nguvu kiasi gani, akauliza jini anataka nini.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida kuliko mchezaji wa Seattle, kwa sababu sisi neno tunalo tayari. Mganga hakupi dawa tu, anakupa na masharti: usile hiki, usipite pale, usigeuke nyuma. Tajiri wa ghafla mtaani huambiwa anafuga jini, na umbea haukomei hapo. Lazima useme jini yule anakula nini. Mbuzi mweusi? Damu? Kuna chumba kisichofunguliwa? Umbea usio na sharti hauaminiki, maana kila mtu anajua mali ya namna hiyo haiji hivi hivi. Sisemi umbea huo ni kitu chema. Umeshachafua majina ya watu wengi ambao kosa lao lilikuwa kufungua duka likapata wateja. Nasema una mantiki, na mantiki yake ndiyo ile ile iliyo kwenye kadi: nguvu ya kuazima ina riba.

Hata majina yenyewe yanabisha hodi kwetu. Kuna zimwi kwenye seti hiyo aitwaye Ghazbán Ogre, ambaye kila zamu huhamia kwa mchezaji mwenye uhai mwingi zaidi. Jina hilo ni la Kiarabu, mwenye hasira, kutoka shina lile lile lililotupa sisi ghadhabu. Junún ni wazimu, ndugu wa damu na majinuni wetu.

Na kama kuna anayedhani sura ndiyo inayomfanya jini awe jini, amtazame Serendib Efreet wa mwaka 1994. Kadi yake iliporudiwa katika toleo jipya la mchezo, ilitoka na mchoro wa Ifh-Bíff badala ya wake, tena ndani ya fremu ya kijani wakati yeye ni wa buluu. Jini kavaa uso wa mwenzake na kanzu ya mwenzake. Watu walicheka, kisha wakaendelea kumchezesha kama kawaida, na kila zamu akaendelea kuwala pointi moja. Sharti lilikuwa mahali pake.

Suleiman, mtungi, na hadithi ndani ya hadithi

Masharti yana upande wa pili: yupo aliyepewa mamlaka juu ya hao wenye masharti. Katika Kurani, sura ya An-Naml, afriti anajitolea kumletea Nabii Suleiman kiti cha enzi cha malkia wa Sabaa kabla hajainuka mahali pake. Katika Alfu Lela Ulela, mvuvi anavua mtungi wa shaba wenye muhuri wa Suleiman, na jini anayetoka humo amekaa karne kwa karne akibadilisha viapo: mwanzoni aliapa kumtajirisha atakayemfungua, mwishoni akaapa kumuua.

Garfield alimweka Suleiman kwenye kadi kwa namna ambayo kila nikiifikiria nafurahi. Ni mtu wa 1/1. Mdogo kabisa, karibu kila kiumbe wa mchezo ule anamweza. Lakini ukiilaza kadi yake ubavu, anaangamiza jini au afriti yeyote. Hana uwezo mwingine wowote. Mbele ya tembo, askari au nyoka, hana msaada mkubwa. Mbele ya majini, hakuna anayesimama. Nguvu za mwili kando, mamlaka kando, na yote yamesemwa kwa namba mbili na mstari mmoja.

Mtungi nao umo, umeitwa chupa ya Suleiman. Unaulipia, unauvunja, unarusha shilingi. Ukishinda, ametoka jini 5/5 arukaye, wa kwako. Ukishindwa, umepigwa pointi tano. Ni mvuvi yule yule: hajui aliyemo ndani amefikia kiapo cha ngapi.

Mji wa Shaba umo pia, kama kadi ya ardhi. Unakupa nguvu ya rangi yoyote uitakayo, lakini kila ukiutumia unakuchoma pointi moja. Kwenye hadithi mji huo umekufa na umejaa hazina, na msafiri mmoja anayenyoosha mkono kuvichukua vito vya malkia aliyelala mauti anauawa pale pale.

Halafu kuna Shahrazad. Kadi yake inawaamuru wachezaji wasimamishe mchezo, waanze mwingine mdogo kwa kadi walizobaki nazo, na atakayeshindwa huo mdogo apoteze nusu ya uhai wake katika ule mkubwa. Hadithi ndani ya hadithi, na usiku unasogea. Ilikuwa kero kiasi kwamba mashindano rasmi yameipiga marufuku, maana muda unakwisha na mchezo haujaisha. Lakini kwani Shahrazad mwenyewe alitaka nini? Kazi yake ilikuwa kuhakikisha alfajiri inaingia kabla kisa hakijafika mwisho. Angekuwepo refa chumbani kwa sultani, angempiga marufuku usiku wa pili.

Mali ya nani?

Msomaji anaweza kuniuliza: Mmarekani amechukua visa vya Waarabu, kaviuza pakiti kwa pakiti, na wewe unampigia makofi? Ni swali la haki.

Kwanza, Alfu Lela Ulela haijawahi kuwa na mwenyewe mmoja. Ina visa vya asili ya India na Uajemi, ikakulia Baghdad na Cairo. Aladini na Ali Baba, ambao wote wawili wana kadi kwenye seti ile, hawamo katika hati za kale za Kiarabu za mkusanyiko huo. Mfasiri Mfaransa Antoine Galland alisimuliwa visa vyao Paris mwaka 1709 na Hanna Diyab, msafiri kutoka Aleppo, akavitia kwenye juzuu zake. Sindbad naye alikuwa akisafiri kwenye kitabu chake peke yake kabla Galland hajamuunganisha na wengine. Sisi tumo kwenye mnyororo huo huo: Edwin Brenn alivitafsiri visa hivi kwa Kiswahili zama za ukoloni, Frederick Johnson akavihariri, wasomaji wengi wa shule wakakutana navyo, baadaye Hassan Adam akavitafsiri upya, vikachapishwa na Mkuki na Nyota.

Tena hatukuwa wapokeaji tu. Chukua kadi ya yai la Rukh. Ni 0/3, yai haliwezi kupiga mtu. Lakini likivunjwa, anatoka ndege wa 4/4, kwa hiyo adui analiangalia tu na kujiuma vidole. Huyu Rukh ni wa bahari yetu. Marco Polo alimtaja alipoeleza habari za Madagascar, ndege wa kunyanyua tembo. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisimulia jinsi mabaharia aliosafiri nao upande wa China walivyoona kitu kama mlima ukielea angani, wakapiga kelele kwamba ni Rukh. Na Madagascar kweli aliwahi kuishi ndege mkubwa asiyeruka, ambaye yai lake lilichukua lita 8 hivi. Alitoweka karibu miaka 1,000 iliyopita. Wataalamu wengi wamehusisha mayai hayo na hadithi hii. Kisa cha namna hiyo hupanda jahazi kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na kila bandari huongeza unyoya mmoja.

Lakini makosa yapo, na hayafichiki. Juni 2020 kampuni yenyewe ilizifuta kadi saba za zamani kwa sababu ya ubaguzi na kuudhi tamaduni za watu. Mbili zilitoka kwenye seti hii: moja iliitwa Jihad, nyingine ilikuwa ya mashetani warusha mawe. Hapo mtunzi alikuwa ameondoka kwenye kitabu cha hadithi. Jini wa mtungini ana masimulizi yake, anaweza kuchezewa kama alivyochezewa na wasimuliaji wa kila zama. Jihad ni neno hai la imani ya watu walio hai, na haliwezi kugeuzwa bonasi ya pointi mezani halafu lisimchome mtu.

Kiswahili kinapoazimwa

Oktoba 1996 ikatoka Mirage, seti ya kadi 350. Safari hii ulimwengu ulikuwa wa kubuni, unaitwa Jamuraa, na umechorwa kwa kuitazama Afrika. Nitaanza na sifa. Wakati ule, katika michezo ya majoka na wachawi, mtu mweusi mwenye hadhi alikuwa adimu kama mvua ya Januari, na hapa palijaa wafalme, mashujaa na wanazuoni weusi. Mmoja wao, mchawi Teferi, amebaki kuwa kati ya wahusika wakuu wa mchezo huo hadi leo.

Sasa tusome majina. Mna shujaa Jabari. Mna Zuberi, ambaye ni kiongozi wa magriffin, wale simba wenye mabawa na kichwa cha tai wanaojulikana tangu ngano za Kigiriki. Zuberi jamani! Kila mtaa una Zuberi. Mna viumbe wa Mtenda: simba wa Mtenda, mchungaji wa Mtenda. Mtenda nini, hatuambiwi. Kwetu mtenda husubiri kutendwa.

Na mna Ekundu. Yupo griffin wa Ekundu, na yupo wa Ekundu mwenye jicho moja, yule jitu wa Kigiriki. Mwalimu yeyote wa sarufi angeshika kichwa. Kwa Kiswahili hakuna kitu ekundu. Kuna mtu mwekundu, nyumba nyekundu, gari jekundu, kitambaa chekundu. Ekundu peke yake ni shina linalosubiri kiambishi, na mahali unapolikuta uchi namna hiyo ni ndani ya kamusi, likitanguliwa na kistari. Neno limechumwa kabla halijaiva. Na kichekesho zaidi, griffin huyo wa Ekundu ni kadi nyeupe.

Mmoja tu ndiye aliyenisimamisha. Ni mnyonya damu, 5/5, anaruka, na jina lake ni Shauku. Hashambulii akiwepo kiumbe mwingine yeyote mezani. Anataka abaki peke yake. Na kila zamu anakutoa wewe mwenye kumwita pointi tatu za uhai. Iwe kwa makusudi au kwa bahati, hapa neno na sharti vimekutana. Yeyote aliyewahi kushikwa na shauku anaijua hesabu hiyo: wivu, upweke, na kukonda.

Lakini Shauku ni mmoja. Nimepitia majina ya seti nzima nikimtafuta zimwi wa ngano zetu, yule anayemtia mtoto ndani ya ngoma na kumzungusha vijijini aimbe. Hayumo. Mwaka 1993 mtunzi alichukua hadithi, na majini wakafika na masharti yao. Mwaka 1996 yalichukuliwa maneno, yakabandikwa kwa viumbe wa Kigiriki. Sababu yake haihitaji chuki ya mtu yeyote. Alfu Lela Ulela ilikuwa kwenye kila maktaba ya Marekani, kwa Kiingereza, nzima nzima, juzuu kwa juzuu. Kiswahili kilichokuwa rahisi kufikiwa kilikuwa kamusi. Mtu huazima kilichopo kwenye rafu.

Jambo hili halikuishia kwenye kadi. Mwaka 2001 J.K. Rowling alitoa kitabu chake cha viumbe wa ajabu, na ndani yake mna Nundu wa Afrika Mashariki, chui mkubwa mwenye pumzi ya sumu. Jina linafanana sana na la Nunda wetu. Hadithi haipo.

Kadi ya Nunda

Basi hebu tumtazame Nunda mwenyewe. Edward Steere alichapisha London mwaka 1870 hadithi alizokusanya Zanzibar, na mojawapo ni ya Sultani Majinuni. Sultani ana paka. Paka anakula mifugo; watu wanapeleka malalamiko, sultani anajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake. Paka anahamia kwa mifugo mikubwa zaidi, na kila mara jibu ni lile lile. Anaanza kula watu. Jibu halibadiliki. Mpaka siku anapowala watoto wa sultani mwenyewe, ndipo baba anatamka kwamba huyu si paka tena, ni Nunda. Kazi ya kumuua inamwangukia kijana wake mdogo, ambaye kwanza anaua wanyama wengine kadhaa, akimletea mama yake kila mmoja kwa furaha, na kila mara anaambiwa siye.

Leo vijana wetu wanachora. Wapo wenye vipaji vikubwa Dar, Nairobi, Kampala, wanaobuni michezo na hadithi za picha, na najua kishawishi kilivyo: unaanza na picha, jitu lenye meno, manyoya yamesimama, kisha unaandika NUNDA kwa herufi kubwa na 8/8 kwenye kona. Hapo utakuwa umemfanyia Nunda kile kile alichofanyiwa ekundu.

Mimi ningemwandika hivi. Nunda ni 1/1, na kumwita hakugharimu karibu kitu. Ni paka tu, nani asiye na paka? Kila zamu yako anakula kiumbe wako mmoja, akianza na mdogo, na kwa kila anayemla anaongezeka kimo. Hawezi kushambulia, wala huwezi kumwondoa, maadamu una kiumbe mwingine wa kumlisha. Akishammaliza wa mwisho, anahamia upande wa pili wa meza, na sasa anakutazama wewe. Nikiwa na nafasi ya mstari mmoja zaidi, ningeongeza kwamba mwenye kumiliki anaweza kumuua wakati wowote katika zamu ya kwanza, bila gharama yoyote.

Mchezaji gani angekubali kumweka kadi hiyo? Wachache, labda. Lakini yule atakayeiweka, akamwangalia paka akila na kujiambia bado mdogo, atakuwa ameisoma hadithi ya Sultani Majinuni kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kufungua kitabu. Picha ya paka mchoraji ataiweka baadaye.